Risala ya Wapiga Kura wa Kieni Kuhusu Mahali pa Vituo vya Kupigia Kura

Kwa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC)

Waheshimiwa Makamishna,

Sisi wapiga kura wa Kieni, Kaunti ya Nyeri, tunaleta risala hii mapema kabla ya Uchaguzi Mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027, kwani kituo kikishatangazwa ni vigumu kukihamisha.

Eneobunge letu limetanda kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua. Shule inayotumika kama kituo ng'ambo ya bonde huonekana jirani kwenye ramani. Kwa miguu, mtu huteremka hadi mtoni, akatafuta daraja, kisha akapanda upande wa pili, tena katika baridi na manyunyu ya Agosti.

MALALAMIKO YETU

1. Vijana hufika kituoni kwa bodaboda. Akina nyanya wasio na nauli hubaki nyumbani, ilhali kura yao ina uzito uleule.

2. Katika mojawapo ya shule tunakopigia kura, mlango wa darasa una ngazi tatu za saruji, bila njia ya kiti cha magurudumu. Mzee wetu anayetumia kiti hicho hunyanyuliwa na vijana wanne mbele ya foleni nzima, akiwa ameshika kitambulisho mkononi. Ibara ya 54 ya Katiba inamhakikishia heshima na njia ifaayo ya kufika kila mahali.

3. Kituo kimoja hakipaswi kuzidi wapiga kura 700, lakini shule moja hubeba vituo kadhaa na majina hugawanywa kwa alfabeti. Asiyejua kusoma husimama saa nzima kwenye foleni isiyo yake.

MADAI YETU

1. Kabla ya kuidhinisha kituo, maafisa waitembee njia yenyewe kwa miguu, pamoja na wazee wa mtaa na watu wenye ulemavu.

2. Vyumba viwe vya chini, vyenye mteremko mlangoni, choo karibu, na taa za kutosha, kwa kuwa kura huhesabiwa papo hapo usiku.

3. Mtandao upimwe mapema katika kila kituo, ili vifaa vya KIEMS, mfumo wa kielektroniki wa uchaguzi, visikwame matokeo yakitumwa.

4. Kituo kisiwekwe kwenye mali ya mgombea wala karibu na baa.

5. Orodha ya vituo ibandikwe sokoni Naromoru na Mweiga na katika ofisi za machifu kabla ya usajili kufungwa, kwa sababu mtu hupiga kura pale alipojiandikisha tu.

Hatuombi fadhila. Ibara ya 83(3) inaagiza mipango ya uchaguzi imrahisishie raia kupiga kura, isimnyime haki hiyo. Basi pimeni kila kituo kwa hatua za mpiga kura mwenye mwendo wa polepole kuliko wote. Akifika yeye, tutafika sote. Tunaomba mtujibu kwa maandishi, na mje Kieni tuikague orodha pamoja.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wapiga Kura wa Kieni