Chuo Chenye Jina au Chuo Tunachokimudu?



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na vyuo vikuu vikianza kutangaza majina, swali moja hutufikia mara nyingi kuliko mengine. Mtoto amechaguliwa na vyuo viwili. Kimoja ni cha serikali na ada yake si kubwa. Kingine ni cha binafsi, kila mtu anakisifu, majengo yake yanang'aa, lakini ada yake inatisha. Tumpeleke wapi?

Swali hili halina nafasi ya kusubiri. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, kijana aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu, na siku za kufanya hivyo ni chache. Ndiyo maana familia nyingi huamua kwa haraka, huku mashangazi na majirani nao wakitoa maoni yao. Yafaa tuzungumze mapema, kabla ujumbe wa kuthibitisha haujaingia kwenye simu.

Wazazi wetu hawakuwa na shida hii. Hadi mwaka 1984, ambapo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa, nchi yetu ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam. Vyuo vikuu vya binafsi vilianza kufunguliwa katika miaka ya 1990, na sasa vipo vingi, vikiwemo vya makanisa. Uchaguzi umepanuka, na matangazo nayo yamepanuka. Si ajabu mzazi akichanganyikiwa.

Tuanze na hilo jina. Sisi wauguzi tumefanya kazi wodini pamoja na vijana waliotoka vyuo vya kila namna. Mgonjwa mwenye maumivu haulizi nesi wake alisoma wapi. Anachotaka ni mkono unaojua kutafuta mshipa na jicho linaloona kwamba hali imebadilika. Tena muuguzi yeyote, awe ametoka chuo cha serikali au cha binafsi, hufanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya kupewa leseni. Mtihani ni ule ule. Majengo mazuri hayamfanyii mtu mtihani.

Hatusemi kwamba vyuo vyote ni sawa. Vinatofautiana, ila tofauti yenyewe haionekani getini. Kuna mambo matatu ambayo mzazi anapaswa kuyauliza.

La kwanza ni kibali. Si chuo tu kiwe kimesajiliwa, bali kozi yenyewe anayoitaka mtoto iwe imeidhinishwa na TCU, na kama ni kozi ya taaluma, itambuliwe pia na baraza au bodi ya taaluma hiyo. Hili si jambo la kudharau. Mwaka 2016 na tena mwaka 2020, TCU ilifunga baadhi ya vyuo, na wanafunzi wakalazimika kuhamia kwingine. Mwongozo wa udahili hutolewa na Tume kila mwaka. Usomeni ninyi wenyewe, msiridhike na karatasi ya matangazo.

La pili ni mahali pa kujifunzia kazi. Kwa kozi za afya, ulizeni wanafunzi wanakwenda hospitali gani na wanakaa huko muda gani. Hapa baadhi ya vyuo visivyo vya serikali vina sifa ya kweli. Chuo cha tiba cha Moshi kiko pamoja na Hospitali ya KCMC, na kile cha Mwanza kiko pamoja na Hospitali ya Bugando. Hizo ni hospitali kubwa za rufaa ambako mwanafunzi huona wagonjwa wengi. Kwa upande wa serikali, Muhimbili imekuwa ikifundisha madaktari tangu mwaka 1963. Kwa kozi nyingine ulizeni hivyo hivyo: maabara zipo, karakana ipo, walimu wa kudumu wapo?

La tatu ni gharama yote, mpaka mwisho. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa sababu tunahesabu ada ya mwaka wa kwanza tu. Shahada ya uuguzi ni miaka minne na ya udaktari ni mitano, kabla ya mwaka mmoja wa utarajali. Tuseme chuo cha serikali kinatoza shilingi 1,500,000 kwa mwaka, na cha binafsi shilingi 5,000,000. Tofauti ni shilingi 3,500,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni shilingi 14,000,000, kabla hujaweka chakula, chumba, vitabu na nauli ya likizo. Sasa jiulizeni: fedha hiyo inatoka wapi, na ni nani nyumbani atakayeikosa?

Wengi hujibu kwamba kuna mkopo. Ni kweli, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha wanafunzi wa vyuo vya serikali na vya binafsi. Lakini si kila anayeomba hupata, na anayepata si lazima apate asilimia mia. Tena Bodi ina kikomo cha ada inayokopesha. Chuo kikitoza zaidi ya hapo, kinachobaki ni cha mzazi. Na mkopo ni deni. Mtoto akishaajiriwa, sheria inamkata asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Yule mwali au kijana anayeanza maisha atabeba mzigo huo, hivyo ana haki ya kuujua kabla hajaubeba.

Kliniki tunakutana na akina mama wanaolalamika kichwa na kukosa usingizi. Tukiwapima, presha iko juu. Tukikaa nao kidogo, yanatoka: deni la kikundi, shamba lililouzwa, na mtoto aliyeko mwaka wa tatu ambaye chuo kimemzuia kuingia kwenye mtihani kwa sababu ya ada. Huyo mtoto amesoma miaka miwili na nusu, lakini hana cheti. Nyumbani wadogo zake wanarudishwa kwa kukosa nauli. Aliyemaliza chuo cha kawaida ana shahada mkononi. Aliyeishia njiani, hata kama chuo chake kilisifiwa nchi nzima, ana madeni.

Hata hivyo, tusikimbilie neno "nafuu" bila kulipima. Vyuo vya serikali vina wanafunzi wengi, na hosteli mara nyingi hazitoshi. Binti anayepanga chumba mtaani hulipa kodi, hupika mwenyewe, hutembea usiku akitoka maktaba. Gharama hiyo nayo ihesabiwe, na usalama wake pia. Tunajua mama aliyemsomesha binti yake chuo cha binafsi kilicho karibu na nyumbani. Binti alilala kwao na kula kwao, na hesabu ya mwisho haikuwa mbali na ile ya chuo cha serikali cha mkoa wa mbali. Pia kuna mtoto anayechaguliwa serikalini kozi ambayo hakuitaka kabisa. Kumlazimisha asome miaka minne jambo asilolipenda kwa sababu ni rahisi si akiba. Na mwenye ufaulu wa juu katika sayansi aulize kuhusu Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka 2022.

Jambo jingine tunalisema kwa uchungu kidogo. Katika nyumba fulani, mtoto wa kiume hupelekwa chuo cha ghali na wa kike huambiwa ajibane, kwa kuwa "ataolewa." Akina mama, hilo tusilikubali. Kipimo kiwe kimoja kwa wote.

Basi, kabla ya siku ya kuthibitisha, kaeni jioni moja na baba watoto na mtoto mwenyewe. Chukueni karatasi na kuigawa pande mbili, kila chuo na upande wake. Andikeni ada ya miaka yote, chumba, chakula, nauli. Andikeni mtakachopata kwa uhakika kila mwezi, si kile mnachotumaini. Andikeni majina ya watoto wanaofuata na mwaka ambao kila mmoja atahitaji ada. Kisha mwulizeni mtoto anaonaje. Watoto wetu huwa na busara kuliko tunavyodhani, wakielezwa ukweli badala ya kufichwa.

Kama chuo cha binafsi kinafundisha vizuri kozi anayoitaka na hesabu inafika mpaka mwaka wa mwisho, mpelekeni bila hofu. Kama hesabu inakatikia mwaka wa pili, chagueni cha serikali, na msione haya mbele ya mtu yeyote. Wale wanaouliza "mtoto wako yuko chuo gani?" hawatakuwapo siku ya kulipa.

Tunawatakia mashauri mema nyumbani. Hadi mwezi ujao.