Si Bahati, Ni Saburi

Liko neno linalosemwa juu ya Padri Giuseppe Piazzi, nami nimechoka kulisikia. Juzi kijana mmoja niliyemfundisha katekisimu aliona jina lake katika kitabu, akacheka: «Huyo alibahatisha tu. Alitazama juu, akaona sayari ndogo ya kwanza. Kazi ya akili ilifanywa na Gauss.» Leo namjibu, maana neno hilo si la kweli, tena lamdhuru anayelisema.

Piazzi alizaliwa mwaka 1746 huko Ponte, katika milima ya kaskazini ya Italia. Aliingia shirika la Wateatini, akawa padri, na mwaka 1781 akaanza kufundisha hesabu Palermo, katika kisiwa cha Sicilia. Ilipotakiwa nyumba ya kutazamia nyota, hakufanya haraka. Alikwenda kwanza Paris na Uingereza kujifunza kwa wenye kujua, na mjini London akamwomba fundi Jesse Ramsden amtengenezee chombo cha kupimia, chenye duara la upana wa futi 5. Fundi huyo alijulikana kwa kukawia. Piazzi alimngojea hata kazi ikaisha mwaka 1789. Je, mwenye kutegemea bahati hungoja hivyo?

Kisha, juu ya mnara wa jumba la mfalme huko Palermo, alianza kazi ambayo wengi wangeikimbia: kupima mahali pa nyota moja moja, maelfu kwa maelfu. Wala hakupima mara moja na kuacha. Aliirudia nyota ile ile usiku wa pili, na wa tatu, na wa nne, aone kama vipimo vyapatana.

Basi usiku wa tarehe 1 Januari 1801, alipokuwa akihakikisha nyota iliyoandikwa katika orodha ya waliomtangulia, aliona kinyota hafifu katika kundi liitwalo Fahali. Kesho yake hakikuwa pale pale. Mwingine angesema: «Nimekosea kupima.» Yeye akarudi tena, na tena, hata akajua kwamba kinatembea. Nauliza: ni nini kilichomfunulia jambo hilo? Ni ile desturi yake ya kurudia. Atazamaye mara moja angeona nyota tu, kama zile nyingine. Wataalamu wa Ujerumani walikuwa wamepatana mwaka 1800 kuitafuta sayari kati ya Mirihi na Mshtarii, wakagawana mbingu; lakini aliyeiona ni yule aliyekuwa kazini mwake kila usiku.

Hatumnyimi Gauss heshima yake. Alikuwa kijana wa miaka 24 alipoikokotoa njia ya kile kinyota, na mwisho wa mwaka 1801 kikaonekana tena karibu na mahali alipopaonyesha. Lakini alihesabu kwa kitu gani? Kwa vipimo vya Palermo! Piazzi alikuwa amekipima mara 24, mpaka tarehe 11 Februari. Mpishi hodari hapiki sufuria tupu.

Wako pia wanaomlaumu kwamba alikawia kuwapelekea wenzake vipimo vyote. Lawama hiyo ina haki yake, siifichi. Lakini tukumbuke kwamba alishikwa na ugonjwa. Tena alitangaza kwamba ameona nyota yenye mkia, ingawa alimwandikia rafiki yake Oriani wa Milano kwamba huenda ni kitu bora kuliko hicho. Kuogopa kutangaza usilo na hakika nalo si kosa la mtu wa kubahatisha.

Alikiita Ceres. Mfalme alipotaka kumtolea medali ya dhahabu, Piazzi aliomba fedha hizo zinunue chombo kingine cha kazi. Mwaka 1803 alitoa orodha ya nyota 6,748. Mwaka 1814 akatoa nyingine ya nyota 7,646. Kwa kupima hivyo hivyo alionyesha pia kwamba nyota iitwayo 61 Cygni yasogea upesi kati ya wenzake. Hiyo nayo ni bahati? Bahati ngapi zitamwangukia mtu mmoja?

Alifariki Napoli mwaka 1826. Leo asteroidi zinazojulikana zimepita milioni moja. Ceres yenyewe, yenye upana wa kilometa 940 hivi, tangu mwaka 2006 huhesabiwa kuwa sayari kibete, na mwaka 2015 chombo cha Marekani kiitwacho Dawn kiliifikia. Lakini katika hesabu ya asteroidi namba yake bado ni 1.

Asemaye «bahati» anajipa ruhusa ya kukaa bure akingoja zamu yake. Mwanafunzi hairudii hesabu yake, karani hasomi tena daftari lake, halafu wote wawili humwonea wivu aliyefaulu. Kijana wangu, usiku wa kwanza nyota zote zafanana. Rudi kesho, ukapime tena.