Fundi wa giaboksi naye ni msomi

Wazazi wetu, mtoto akimaliza kidato cha nne bila alama za kwenda chuo kikuu, tusimwone ameanguka maisha. Hapa Kenya magari mengi tunayoagiza kutoka Japani ni otomatiki, na baadhi yana CVT, yenye mkanda wa chuma na puli mbili. Ukitia mafuta yasiyo yake unaiua. Fundi wa kubahatisha humwambia mteja anunue giaboksi nzima, na hiyo ni dhuluma.

Kijana aanze na klachi na giaboksi ya kawaida, kisha haidroliki na kompyuta ya gari. Asiachwe gereji miaka akiosha vyuma tu (mshahara chai!). Aandikishwe mtihani wa NITA, Gredi ya Tatu. Mabinti pia.