Ratiba ya TV si ushamba, wasee

Niliposema kwa group yetu kwamba nafuatilia ratiba mpya za stesheni za Marekani, nilichekwa siku mbili mzima. Msee mmoja akauliza kama pia huwa nanunua gazeti nione saa ya taarifa. Mwingine akasema, "Buda, kila kitu kiko kwa simu. Unangoja Jumanne ya nini?"

Siku hiyo sikumjibu. Leo namjibu, na jibu ni refu kiasi, so tafuteni mahali mkae.

Kwanza tuelewane tunabonga kuhusu nini, juu wengi wetu tumekula hizi series miaka mingi bila kujua zinapikwa wapi. Kila mwezi wa tano, stesheni kubwa za Marekani kama ABC, NBC na Fox hualika kampuni zinazonunua matangazo huko New York na kuzionyesha mzigo wa msimu ujao: kipindi gani kinarudi, kipi kimekatwa, kipi kitakaa siku gani saa ngapi. Msimu wenyewe unaanza Septemba na Oktoba, watoto wakiwa wamerudi shule na baridi ikianza kuwafukuza watu barabarani. Hiyo tabia ilianza enzi za redio. Kampuni za magari ziliipa nguvu, juu zilikuwa zinatoa modeli za mwaka mpya wakati huo huo na zilitaka mahali pa kuzitangaza.

Saa zenye bei ni jioni. Kwa saa za New York ni saa mbili usiku hadi saa tano. Ukienda majimbo ya katikati kama Minnesota, ni saa moja hadi saa nne. Kumbuka hiyo Minnesota, tutarudi huko.

Sisi huku tulizipata hizo series zikiwa zimeshachomwa kwa DVD. Kuna movie shop kila mtaa ulikuwa nayo, unaingia na hamsini unatoka na Prison Break. Sistangu mkubwa ndiye alinifunza hiyo dini. Tulikuwa tunamaliza msimu mzima wikendi moja tukiwa tumefunga pazia. Wala sikujua kwamba Prison Break ilianza kwa Fox Jumatatu moja ya Agosti 2005, na kwamba wenyewe waliingoja wiki baada ya wiki. Kwangu ilikuwa kitu kimoja kirefu kisicho na siku.

Sasa sistangu yuko Minnesota. Anafanya kazi kwa nyumba ya kutunza wazee, shifti ya jioni. Akitoka saa nne usiku, huku ni saa kumi na mbili asubuhi na mimi niko kwa mat naelekea job. Hapo ndio tunaongea. Ananipigia akingoja basi kwa baridi, mimi nikiwa nimebanwa dirishani, na story zetu nyingi ni za wazee wake.

Kuna mmoja anamwita tu Shosho. Shosho anasahau vitu. Kuna siku anasahau jina la mtoto wake, kuna siku anauliza kama mume wake amefika, na mume alishakufa zamani. Lakini ukimuuliza leo ni siku gani jioni, alikuwa hakosei. Jumanne ilikuwa FBI. Jumatano ni Chicago. Alhamisi ni Grey's. Hakuwa anasoma kalenda ukutani, kalenda yake ilikuwa TV.

Na haikuwa mchezo, juu stesheni zenyewe zilikuwa zimepanga hivyo. Kuanzia msimu wa 2021, CBS iliweka FBI tatu zikifuatana Jumanne: FBI yenyewe, International, na Most Wanted. Masaa matatu bila kushika rimoti. NBC nayo ina Jumatano yake: Chicago Med, Chicago Fire, Chicago P.D. Unakaa kwa kiti saa moja, unainuka saa nne kwenda kulala. Sistangu anasema hizo ndizo zilikuwa jioni rahisi zaidi za kazi yake. Wazee wanatulia, wanajua nani mbaya, wanabishana kuhusu polisi kama mashabiki wa Gor.

Halafu 2025 ikaja. CBS ikakata FBI: International na FBI: Most Wanted. FBI iliyobaki ikahamishwa Jumatatu, na Jumanne ikapewa NCIS tatu. Kwa karatasi ni mstari mmoja tu, hata mimi nilipoiona niliruka. Lakini Oktoba, Jumanne ya kwanza, Shosho alivaa sweta yake, akakaa kwa kiti chake, akangoja watu wake. Wakatokea watu wengine. Sistangu alimweleza polepole kwamba FBI ilikuwa jana. Shosho akamwangalia akauliza, "Kwa hivyo leo si Jumanne?"

Sistangu alinipigia akilia. Nikiwa kwa mat, nimebeba laptop kwa magoti, sikujua niseme nini. Nilisema tu, "Pole, sis."

Najua mnachotaka kusema. Stesheni haiwezi kupanga biashara yake kwa sababu ya mzee mmoja. Ni kweli. Na acha nisijifanye hii ratiba ni malaika. Inapangwa kwa ajili ya kampuni za matangazo, si kwa ajili ya Shosho wala sistangu. Ni ratiba hiyo hiyo imeua vipindi vingi kabla havijatambaa. 2010 Fox ilitoa drama inaitwa Lone Star, wakosoaji wakaisifu, namba zikakataa, ikakatwa baada ya episodi 2. Mbili! Na zile episodi 22 kwa msimu, kuna tano au sita ambazo hata mwandishi mwenyewe hazikumbuki. Sote tunazijua, zile za mtu kukwama kwa lifti.

Lakini cheki upande ule mwingine tulioambiwa ni maendeleo. Stranger Things ilimaliza msimu wa nne Julai 2022. Msimu wa tano ukaanza Novemba 2025. Zaidi ya miaka mitatu, tukapewa episodi 8. Wale watoto walianza na meno ya maziwa wakamaliza na ndevu. Wakati huo huo Abbott Elementary, kipindi cha stesheni ya kawaida, imetoa misimu yenye episodi 22 na inarudi kila mwaka kama shule yenyewe.

Hesabu ya episodi ni hesabu ya ugali wa mtu. Waandishi wa Hollywood waligoma 2023 kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba, siku 148, na moja ya malalamiko yao makubwa ilikuwa misimu mifupi: unaajiriwa wiki chache, unaandika episodi nane, unarudi kutafuta kazi. Waigizaji nao wakaingia barabarani Julai. Ratiba ya ABC ya msimu huo ikajaa mashindano, maswali na marudio, juu hakukuwa na mtu wa kuandika. Hapo ndio uliona vizuri ni nani hubeba hizo jioni.

Kitu kingine tunasahau ni kwamba hizi stesheni ni bure. Unaweka antena kwa dirisha, unashika ABC, CBS, NBC na Fox bila kulipa mwezi. Sistangu alipofika kule na kulipia chumba kimoja na madeni ya safari, hiyo antena ndiyo ilikuwa burudani yake yote. Sisi tunasema "kila kitu kiko kwa simu" kana kwamba bando inaanguka kutoka mbinguni. Ukijumlisha zile app zote unazohitaji ili uone kila kitu, hiyo ni rent ya bedsitter.

Sasa hizo jioni za bure zinapunguzwa pole pole. NBC imerudisha NBA kwa mkataba mkubwa wa miaka 11, na Jumanne usiku ni mpira wa kikapu. Napenda NBA, msinielewe vibaya. Lakini mwezi huo huo wa kutangaza ratiba, NBC ilikata Night Court, Found, The Irrational, Suits LA na Lopez vs Lopez. Huko ABC, drama mpya kwa ratiba ya Septemba na Oktoba 2025 ilikuwa moja tu, 9-1-1: Nashville, mtoto wa kipindi ambacho tayari kipo. CBS ikaleta Boston Blue, mtoto wa Blue Bloods, na Sheriff Country, mtoto wa Fire Country. Mpya zenyewe ni za ukoo. Stesheni zimeogopa, zinashika tu jina ambalo watu wanalijua.

Na kichekesho ni kwamba wale wa app ndio sai wanarudi kwa njia ya wazee. The Pitt, ile ya hospitali ya HBO Max, ilikuja Januari 2025 na episodi 15, zikitoka wiki baada ya wiki, na Januari iliyofuata ikarudi. Watu wakaanza kusema Alhamisi ni ya The Pitt. Hiyo siri stesheni zimekuwa nayo tangu zamani: mpe mtu siku, na wewe uitunze hiyo siku.

Hapo ndipo msimamo wangu uko. Sisemi turudi kwa TV moja sebuleni na baba ameshika rimoti. Nasema siku maalum si kizuizi, ni ahadi. Mtu anapanga shifti yake, chakula chake, hata simu ya dadake kulingana nayo. Ukitaka kuihamisha, ihamishe, lakini ujue kuna watu uliwaambia Jumanne. Na mkiwa mnacheka "wazee bado wanatazama TV", kumbukeni umri wa kati wa watazamaji wa stesheni hizo uko juu ya miaka 60. Hao ndio waliobaki wakati sisi tulihama. Wanastahili kupangiwa vizuri kuliko kupewa mabaki.

Mimi mwenyewe nimejiangalia. Nimekuwa nikipost nikijisikia: wiki hii mara tatu, halafu mwezi mzima kimya, halafu narudi na "wasee pole nilipotea". Kuna mtu aliniandikia mara moja akiuliza kama niko sawa, nikaona ni kama ananisumbua. Kumbe alikuwa amekaa kwa kiti chake akingoja.

So kuanzia wiki hii ni Alhamisi, saa moja jioni. Nikikosa, mna ruhusa ya kunitukana.

Kuhusu Shosho, sistangu alichukua karatasi akaandika kwa kalamu nene: FBI, MONDAY. Akaibandika chini ya TV. Jumatatu inafanya kazi. Jumanne bado anavaa sweta. Sistangu anakaa naye dakika chache za mwanzo wa NCIS, anamweleza hawa wapya ni kina nani. Wiki jana Shosho alimwambia huyu mzee wa NCIS si mbaya sana, anaweza kumzoea.

Jumatano ijayo nitakuwa kwa mat saa kumi na mbili, nikingoja simu nisikie kama amemzoea.