Warsha za intaneti: tuanze na swali, fedha zifuate



Ndugu wasomaji, Mpuguso ni kata ya wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, karibu na mji wa Tukuyu. Ni nchi ya milima, mvua, migomba na chai, na pana chuo cha ualimu. Kutoka Dar es Salaam kwenda huko ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Mtu wa Wete au Makunduchi ana haki ya kuuliza: huko kunatuhusu nini?

Kunatuhusu kwa sababu mtandao wetu ni mmoja. Intaneti ilipozimwa nchi nzima Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilizimwa milimani na ilizimwa visiwani. Kwa siku kadhaa mama hakuweza kuwasiliana na mwanawe aliyeko Muscat kwa WhatsApp, na mfanyabiashara hakujua mzigo wake umefika wapi. Kabla ya hapo, Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi.

Tuyatofautishe matukio haya. Waya uliokatika baharini hutengenezwa na mafundi. Kuzima na kuwasha ni uamuzi wa watu. Nani anaamua, kwa sheria gani, na baada ya kumsikiliza nani? Hilo ndilo linaloitwa usimamizi wa intaneti, na ndilo jambo ambalo warsha za wananchi zinapaswa kulieleza.

Mashauriano ya aina hii yapo duniani. Mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Tunis mwaka 2005 ulizaa jukwaa la kila mwaka, ambalo lilikaa kwanza Athens mwaka 2006, likafika Nairobi mwaka 2011 na Riyadh mwaka 2024. Tanzania nayo ina jukwaa lake la kitaifa. Lakini mkulima wa chai wa Mpuguso na mvuvi wa Kojani hawafiki huko. Warsha ikitaka kuwa na maana, iwafuate wao walipo.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuanza na fedha: mfadhili anatafutwa, mfadhili analeta mada, kisha watu wanaitwa kuja kuisikiliza. Tuanze na swali la watu wenyewe.

Kwa upande wetu visiwani maswali hayakosekani. Posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo msimamizi wa mawasiliano ni TCRA, yenye ofisi ya kanda hapa Zanzibar kama ilivyo na ofisi ya kanda Mbeya. Sote tulichukuliwa alama za vidole kusajili laini zetu za simu. Alama ile inahifadhiwa vipi, na anayedhulumiwa kwa taarifa zake alalamike wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa Zanzibar katika mambo ya Muungano tu. Laini ya simu imo. Cheti cha hospitali ni habari nyengine, kwani afya si jambo la Muungano. Mzazi asiyejua tofauti hii atabisha mlango usiokuwa wake.

Sasa tuje kwenye fedha. Upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia kutokana na mapato yao ili huduma zifike pasipo na faida ya kibiashara. Zipo kampuni za simu zenyewe, na wapo wafadhili wa nje. Hakuna ubaya kupokea msaada wao, ila anayelipa huwa karibu na mpini. Kampuni ya simu ikigharimia kila kitu, ni nani atakayesimama kuuliza kuhusu bando linaloisha kabla ya wakati? Ofisi ya serikali ikigharimia kila kitu, ni nani atakayeuliza kuhusu Oktoba 29? Dawa yake ni kuchanganya vyanzo, na kuandika mapema kwamba mada na wageni huchaguliwa na kamati ya wenyeji.

Baadhi yetu watasema tutumie zaka. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa ndani ya Qur-aan, na kwa kauli ya wanazuoni walio wengi haitolewi kwa kazi za jumla kama ukumbi na vipaza sauti. Wakfu nao hufuata sharti la aliyeuweka. Sadaka ya kawaida na michango ya hiari ina nafasi pana zaidi. Ama fedha za kampuni za kamari, ambazo siku hizi zinadhamini kila kitu, tuziache. Haielekei kumfundisha kijana kujilinda mtandaoni kwa fedha za wale wanaomwita abeti kwenye simu hiyo hiyo.

Na gharama si kubwa kama tunavyodhani. Kinachokula bajeti ni hoteli, posho na usafiri wa wakubwa. Visiwani tuna skuli, madrasa na vituo vya TEHAMA vilivyojengwa na Mfuko ule ule, Unguja na Pemba. Huko Mpuguso kipo chuo cha ualimu: mwalimu mmoja akielewa, atakwenda na elimu hiyo hadi skuli atakayopangiwa. Sisi tuanze na walimu wa madrasa na masheha. Tusiite watu Pemba wakati wa kuchuma karafuu, wala tusiite kina mama saa za kupika halafu tukasema hawakuja.

Mwisho, fedha za watu ni amana. Hesabu isomwe hadharani, siku ile ile, mbele ya waliochanga: kiasi kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Na majibu ya wakubwa yaandikwe na kurudishwa shehiani. Warsha ambayo maswali yake hayakujibiwa imelisha watu chakula cha mchana, basi.

Shura ni mafundisho yetu kabla ya kuwa mada ya mikutano ya kimataifa. Jumuiya moja ya msikiti na shehia moja zinatosha kuanza, In shaa Allaah.

Wallaahu a'lam.