Lori Ligomalo Kuwaka Asubuhi ya Baridi

Pale Kabanga, mpakani mwa Burundi, malori hulala njiani, na mwezi wa Juni na Julai baridi ya milima ya Ngara huingia hata katika chuma. Kunapopambazuka dereva azungusha ufunguo, nalo lori lakohoa tu. Ndipo utingo hutumwa nyumba za jirani kuomba makaa ya moto ayaweke chini ya injini. Twawasihi ninyi mlio jikoni, msiyatoe. Mafuta yaliyovuja hushika moto upesi, na aliye chini ya gari ni kijana yule.

Injini ya dizeli haiwashwi kwa cheche. Huikandamiza hewa hata iwe moto wa kuyaunguza mafuta, na chuma baridi hulinyang'anya joto hilo. Basi, kwanza sikilizeni. Ikizunguka kivivu, mshukuni betri, maana baridi huidhoofisha, na oili nayo huwa nzito. Safisheni vichwa vyake, kazeni nyaya. Wengine hununua betri mpya, kumbe adui ni kutu!

Ikizunguka kwa nguvu isiwake, tazameni bomba la moshi. Moshi mweupe waonyesha kwamba mafuta yafika lakini hayaungui: kagueni plagi za kupasha joto, kama zimo. Pasipo moshi kabisa, mafuta hayafiki: mwageni maji yaliyotuama katika chujio, kisha toeni hewa kwa pampu ya mkono.

Wala msiushikilie ufunguo zaidi ya sekunde 15. Ngojeni dakika 2, stata ipoe.