Hawakungoja mauti

Kama una rafiki mliyepoteana miaka mingi, sikia haya ya Van der Graaf Generator, bendi ya roki ya Uingereza. Wanne hao walitoa World Record mwaka 1976, kisha wakatawanyika. Desemba 2003, mwimbaji wao Peter Hammill alipatwa na mshtuko wa moyo. Akapona. Kungoja nini tena? Mwaka 2005 wakatoa Present, diski mbili. David Jackson bado alipuliza saksafoni mbili kwa pamoja (ndiyo, mdomo mmoja!), naye Hugh Banton akapiga besi kwa miguu kwenye kinanda chake. Diski ya pili, waliyoipiga bila kutunga kwanza, ningeipunguza. Ya kwanza isikilize watoto wakishalala. Jackson aliondoka baada ya maonyesho ya mwaka huo, na wote wanne hawakurekodi tena albamu mpya pamoja.